Huo mchi urudi kwenye kinu

*Shikamoo shangazi. Binti yangu ana miaka tisa na miezi minne, ndiye mrefu kuliko wote darasani kwao. Juzi namsuka akaniambia kifua kinamuuma. Nilipopapasa nikakuta kijivimbe kigumu kama gololi chini ya chuchu ya kushoto. Kulia hakuna kitu. Mama mkwe anasema amewahi mno, tumkande kwa mchi wa moto lirudi. Jirani naye kaniambia wanaokua mapema ndio wanaokuja kupata kansa ya titi, na mama yangu mzazi alifariki kwa kansa hiyo akiwa na miaka 41. Mimi nina 33. Mtoto sasa anashinda na sweta kwenye joto hili. Silali. – Mama, Morogoro.*

Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote, huo mchi urudi kwenye kinu.

Ulichokipapasa ni titi lenyewe, linachomoza. Wasichana wengi huanza kuota maziwa kati ya miaka 8 na 13, na mara nyingi upande mmoja hutangulia, wa pili ukafuata baada ya miezi kadhaa. Huwa kigumu, na kikigongwa kinauma. Hedhi kwa kawaida huja miaka miwili hivi baadaye, kwa hiyo muda wa kumwandaa unao. Angekuwa ameanza kabla ya kutimiza miaka 8, au pangekuwa pekundu, pa moto, panatoka usaha au damu, ningekwambia mpeleke hospitali kesho asubuhi. Na ikitokea mtu anataka kukikata kijivimbe hicho "kikapimwe", usikubali mpaka daktari wa watoto amwone mtoto. Punje hiyo ndiyo chanzo cha titi zima. Ikiondolewa, upande huo hautaota tena.

Kukanda kwa moto kumewaumiza watoto wengi. Kameruni ndiko desturi hii ilikozungumzwa zaidi, na wasichana waliokandwa kwa mawe na michi ya moto wameishia na makovu, majipu, na matiti yasiyolingana. Balehe huamrishwa na homoni, na amri yake ya kwanza hutoka kwenye ubongo. Moto unaunguza ngozi na nyama ya mtoto, amri inabaki palepale.

Jirani yako ana chembe ya ukweli, ila ameibeba vibaya. Denmark walifuatilia kadi za afya za shule za wasichana zaidi ya 117,000 wa Copenhagen mpaka ukubwani, na matokeo yakatoka mwaka 2004. Waliorefuka haraka na mapema walipata saratani ya titi kwa kiasi fulani zaidi ya wenzao. Uchambuzi mwingine mkubwa, wa mwaka 2012, ulikusanya tafiti 117 ukaonyesha kwamba kila mwaka mmoja msichana anaowahi kuvunja ungo huongeza hatari kwa asilimia 5. Hapo watu huogopa bure. Asilimia 5 hiyo ni ya hatari iliyokuwepo tayari. Tuseme, kwa mfano tu, katika wanawake 1,000 wangeugua 40. Kwa mwaka mmoja wa kuwahi wataugua 42. Wale 958 je? Kimo hakimwandikii mtoto kifo, na hakuna cha kumfanyia leo ili awe mfupi.

Tena usije ukampunguzia chakula ukidhani utamchelewesha. Katika wale wasichana wa Denmark, waliokuwa wembamba wakiwa na miaka 14 ndio waliokuwa na hatari kubwa zaidi. Simwambii mtu anenepeshe mtoto, unene una maradhi yake. Mpe ugali wake, maharage, mboga na matunda, acha aruke kamba.

Mwenye kunitia wasiwasi katika barua hii ni wewe. Mama yako aliugua akiwa kijana, na madaktari wengi hushauri mtoto wa kike aanze kuchunguzwa miaka kumi kabla ya umri ambao mzazi wake aligundulika. Kwa hesabu hiyo muda wako umeshafika. Nenda hospitali ya mkoa, taja umri wa mama yako kabla hata hujaulizwa, ukachunguzwe na kupigwa altrasaundi wakiona inafaa. Wakitaka vipimo zaidi, watakuandikia rufaa. Usingoje uvimbe.

Mama mkwe usimjibu wewe. Mumeo ndiye aseme na mama yake, kwa adabu, kwamba mtoto hakandwi. Akishindwa, mwombeni nesi wa zahanati amweleze bibi. Yeye hana ubaya. Anaogopa wanaume watamwona mjukuu wake kuwa mtu mzima, na hofu hiyo ina msingi. Dawa yake ni kumlinda mtoto na hao wanaume.

Sweta hilo ndilo limenifanya nikujibu haraka. Dada yangu mkubwa alikaa na uvimbe titini miezi minane bila kumwambia mtu, hata mimi niliyelala naye chumba kimoja. Tulipomuuliza kwa nini, alisema alifundishwa tangu mdogo kwamba kifua cha mwanamke hakitajwi. Tulimfikisha hospitali kidonda kimeshafunguka. Mtoto aliyejifunza akiwa na miaka tisa kuwa titi ni kosa, atakuja kuonyesha uvimbe wake kwa nani akiwa na arobaini?

Kwa hiyo leo jioni, ukimaliza kumsuka, mwambie kinachomuuma kinaitwa titi, kwamba hata wewe lilikuuma, na la pili linakuja. Mwambie akiona kitu kigeni mwilini aje kwako muda wowote, hata usiku. Jumamosi nendeni sokoni mkanunue vijifulana laini vya kubana kidogo, achague rangi mwenyewe. Sweta lifue, ulikunje, uliweke mpaka baridi ya mwezi wa sita.