Umepewa namba sita? Mtazame Makélélé

Kila msimu mpya ukianza, kuna vijana wanaotolewa pembeni au mbele na kuwekwa katikati, mbele ya mabeki, nafasi inayoitwa namba sita. Wengi hulipokea jambo hilo kama adhabu. Nafundisha viungo wa umri wenu, na sura hizo za huzuni nazijua: kijana anajiona ameshushwa cheo. Kabla hujaenda kumbembeleza kocha akurudishe ulikotoka, yafuatilie maisha ya Claude Makélélé, kiungo mkabaji wa zamani wa Ufaransa, maana hata yeye alianzia pembeni.

Alizaliwa Kinshasa mwaka 1973, mtoto wa mwanasoka, na akahamia Ufaransa na wazazi wake angali mdogo. Nantes ilipotwaa ubingwa wa Ufaransa mwaka 1995, yeye alikuwa akicheza upande wa kulia. Ni Hispania, katika timu ya Celta Vigo aliyojiunga nayo 1998, ndiko alikokomaa akiwa kiungo wa kati, jirani na Mazinho, Mbrazili aliyekuwa na medali ya Kombe la Dunia la 1994. Tayari alikuwa na miaka 25. Kwa hiyo ukiwa na 17 au 18 usiseme umechelewa kujifunza nafasi mpya. Na kasi uliyoijenga ukiwa winga itunze, utaihitaji kuliko unavyodhani.

Sasa namna ya kumtazama. Tafuta video ya robo fainali ya Kombe la Dunia 2006, Ufaransa na Brazil mjini Frankfurt, mechi iliyoisha 1-0 kwa bao la Thierry Henry. Itazame mara ya kwanza kwa ajili ya Zidane, maana siku ile alicheza mpira ambao hakuna anayepaswa kuukosa. Kisha irudie bila kuufuata mpira. Mkazie macho Makélélé peke yake. Kila mpira unapoelekea kwa Ronaldinho au Kaká, simamisha picha, rudisha nyuma sekunde chache, uone alikuwa amesimama wapi. Utagundua kwamba kazi yake kubwa ameifanya kabla mpira haujafika. Ameshaziba njia ya pasi, au ameshasogea karibu kiasi kwamba anayepokea analazimika kuurudisha nyuma.

Hicho ndicho nawasisitizia vijana wangu kuliko kitu kingine chochote. Kukaba hakuanzi kwenye mguu, kunaanza shingoni. Geuza kichwa utazame nyuma ya bega lako kabla mpira haujapigwa, kisha utazame tena ukiwa njiani. Simama ubavu, usimpe anayekuja kifua chote, ili uweze kugeukia upande wowote. Na usipende kuteleza chini. Namba sita aliyelala kwenye nyasi ameacha uwazi mbele ya mabeki wake wa kati, na timu nzima inalipa.

Ukishaupora mpira, mpe aliye karibu mwenye macho mazuri kuliko yako, halafu sogea umpe njia ya kukurudishia. Najua mnatamani pasi ndefu ya mita arobaini, ile inayokatwa na kutumwa kwenye magrupu. Jifunzeni, itawafaa. Lakini Makélélé alidumu kwenye soka la juu kwa pasi fupi zilizofika.

Kuna jambo la pili, na hili linaniuma kila nikilisimulia. Pale Real Madrid, kuanzia 2000 hadi 2003, Roberto Carlos alipanda atakavyo, Figo na Zidane walizunguka watakako, na nafasi walizoziacha wazi alizifunika Makélélé. Walitwaa La Liga mara mbili na Ligi ya Mabingwa 2002. Alipoomba mshahara unaokaribiana na kazi hiyo, alikataliwa. Majira yale yale klabu ilimleta David Beckham, na Makélélé akaenda Chelsea. Rais wa klabu, Florentino Pérez, alinukuliwa akidharau pasi zake. Real haikuuona tena ubingwa wa La Liga hadi 2007. Sitasema ni kwa sababu yake peke yake, kwa kuwa kiangazi hicho hicho kocha Vicente del Bosque na nahodha Fernando Hierro nao waliondoka. Ila mizani ya timu ilivunjika, na aliyekuwa ameishikilia hakuwa na bango ukutani.

Kwa hiyo usisubiri jukwaa likuambie thamani yako, na usione haya kuitaja mezani siku ya mkataba. Andika kumbukumbu za mechi zako: mipira uliyopora, pasi zilizofika, mabao mliyofungwa ukiwa uwanjani na ukiwa nje. Mshambuliaji ana mabao ya kumsemea; kwako wewe kumbukumbu hizo ndizo zitakazosema. Makélélé aliichezea Ufaransa mechi 71 bila kufunga hata bao moja.

Chelsea walimwelewa. Kocha wao José Mourinho alipanga viungo watatu, Makélélé nyuma ya wenzake wawili, katika ligi ambayo timu nyingi zilitumia wawili tu pale kati. Hesabu ni rahisi: mmoja wa Chelsea alibaki huru, na mara nyingi alikuwa yeye. Msimu wa 2004/05 walifungwa mabao 15 tu katika mechi 38 na kutwaa ubingwa. Katika mechi ya mwisho ya nyumbani msimu huo, dhidi ya Charlton, walipata penalti mwishoni na wenzake wakampa mpira apige yeye. Kipa aliuokoa mkwaju, lakini mpira ukarudi na Makélélé akaumalizia wavuni, na timu nzima ikamrukia. Wanaocheza nawe watakujua mapema kuliko watazamaji.

Alistaafu 2011 akiwa Paris Saint-Germain, umri miaka 38, baada ya kuwa nahodha wake na kutwaa Kombe la Ufaransa 2010. Mwili wake haukuwa mkubwa wala mrefu. Miguu ilidumu kwa sababu kichwa kiliipunguzia safari.

Mazoezi ya wiki hii, basi: mwambie mwenzako asimame nyuma yako akionyesha vidole, nawe utaje idadi kwa sauti kabla hujaugusa mpira unaopigiwa kutoka mbele. Ukianza kupatia bila kukosea, aanze kutembea.