Kabla hujamwambia mama "ni kawaida": kwa nesi mpya wa chumba cha watoto

Umepangiwa zahanati, umekabidhiwa chumba cha watoto, na foleni imeshafika nje ya mlango. Utagundua mapema kwamba wengi wa akina mama waliobeba vichanga hawajaleta ugonjwa, wameleta wasiwasi. Mtoto ana kwikwi. Anapiga chafya. Anacheua kila akinyonya. Anashtuka usingizini na kurusha mikono. Anajikamua mpaka anatetemeka, halafu choo chenyewe kinatoka laini. Utashawishika kusema "ni kawaida mama, nenda nyumbani", na mara nyingi utakuwa umesema kweli.

Shida iko kwenye namna ya kulisema. Mama uliyemfokea leo kwa sababu ya kwikwi, wiki ijayo mtoto akigoma kunyonya atakaa nyumbani, hataki tena kukutana na mdomo wako. Kwa hiyo hata kwikwi ipokee. Mvue mtoto nguo, mwangalie kuanzia utosi hadi nyayo, ndipo useme. Itakuchukua dakika chache, na mama ataondoka akijua kwamba hukukisia.

Anza na umri, na kwa kichanga usiandike "mwezi mmoja", andika siku au wiki. Mwongozo wa IMCI, ule wa kuchunguza na kutibu kwa pamoja magonjwa ya watoto wadogo, unawagawa watoto kwenye miezi miwili, na mstari huo una maana kubwa. Mtoto wa miezi minane mwenye nyuzi 38 anayecheka na kuvuta stetoskopu yako utampima malaria, utamsikiliza kifua, utampa dawa na tarehe ya kurudi. Kichanga wa wiki tatu mwenye nyuzi 37.5 kwapani ni jambo jingine kabisa, hata kama anaonekana mzima. Wa umri huo maambukizi yanaweza kuingia kwenye damu na kumzidi ndani ya saa chache. Na usisahau upande wa pili: aliyepoa chini ya 35.5 naye yuko hatarini. Manesi wageni wengi hushika paji la uso, wakikuta si la moto wanaandika "hana homa" na kuendelea. Shika tumbo na nyayo, kisha weka kipimajoto. Uliza pia kama amepewa parasetamo kabla ya kutoka nyumbani, maana homa iliyofunikwa na dawa inadanganya. Kama amekuja amefungwa khanga mbili na blanketi, na ni Tanga mwezi wa Januari, mfunue, anyonye, upime tena baada ya nusu saa. Ila kama ananyonya vibaya, usingoje kipimo cha pili.

Hapo kwenye kunyonya ndipo nataka ukae zaidi. Kichanga mgonjwa sana anaweza asiwe na homa, asikohoe, asiharishe. Anachofanya ni kuacha titi. Analishika, anavuta mara mbili tatu, analiachia, analala. Ukimuuliza mama "ananyonya?" atajibu "ananyonya", kwa sababu bado anamweka titini. Muulize hivi: "Leo ananyonyaje ukilinganisha na jana?" Utashangaa jibu linavyobadilika. Kisha mwache amnyonyeshe mbele yako. Ikiwa hajanyonya ndani ya saa moja iliyopita, kaa uangalie dakika nne nzima: mdomo umefunguka vizuri, kidevu kimegusa titi, anavuta taratibu na kumeza. Uliza na nepi. Baada ya wiki ya kwanza, mtoto anayeshiba hulowesha sita au zaidi kwa siku. Uzito nao usikutishe siku za mwanzo. Wengi hupungua kidogo, lakini asivuke sehemu moja ya kumi ya uzito wa kuzaliwa, na ifikapo wiki ya pili awe ameurudisha.

Kuna sifa moja ya nyumbani ambayo mimi huwa inanitia hofu: "Mtoto mtulivu huyu, hasumbui, analala tu." Bibi huisema kwa fahari. Kichanga wa siku nne asiyeamka mwenyewe kutaka titi, ambaye lazima umkune nyayo ndipo afungue macho, mchunguze kama mgonjwa mpaka uthibitishe vinginevyo.

Pumzi zao hazina mpangilio. Anapumua harakaharaka, anatulia sekunde chache, anaanza tena. Ndiyo maana kuhesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili hakufai. Hesabu dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, kifua kikiwa wazi. Chini ya miezi miwili, ukipata 60 au zaidi hesabu tena, na ikirudi hivyo hivyo ni dalili ya hatari. Kuanzia miezi miwili hadi mwaka mpaka ni 50. Mama akisema "anakoroma", sikiliza kwanza sauti inatoka wapi. Pua za vichanga ni nyembamba, hukoroma na kukwaruza bila ugonjwa wowote. Kuguna kila anapotoa pumzi, au kifua kubonyea ndani chini ya mbavu kila anapovuta, huko si kukoroma.

Manjano yatakusumbua kuliko yote, kwa hiyo nitayaeleza kwa kirefu. Yanayoanza siku ya pili au ya tatu, mtoto akinyonya vizuri, kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Yanayoonekana ndani ya saa 24 za kwanza si ya kawaida hata siku moja. Kwenye ngozi yetu nyeusi usitegemee rangi ya uso. Msogeze dirishani kwenye mwanga wa mchana, taa ya balbu hukudanganya, bonyeza ncha ya pua kwa kidole na uachie, angalia weupe wa macho na fizi. Kisha viganja na nyayo. Viganja na nyayo vikiwa njano, rufaa ni leo. Anahitaji kupimwa damu na kuwekwa kwenye mwanga maalumu wa hospitali, kwani manjano makali yanaweza kuharibu ubongo, na ukishaharibika hakuna dawa ya kuurudisha. Utaambiwa habari za jua la asubuhi. Usibishane, lakini usiliandike kama tiba. Mtoto wa namna hiyo aliyeachwa uchi barazani anapoteza muda, na pengine joto la mwili.

Uliza rangi ya choo. Manjano yaliyovuka wiki mbili na choo kimekuwa cheupe kama chokaa huenda ni mirija ya nyongo iliyoziba, na upasuaji wake hufaulu zaidi kabla mtoto hajatimiza miezi miwili. Hapo "turudi mwezi ujao" ni maneno ya hatari. Swali jingine, hasa kwa sisi wa pwani: nguo za mtoto zilihifadhiwa na nini? Vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vya kufukuza mende na nondo kabatini vina naftalini, na mtoto mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), ambao si haba kwetu, anaweza kupasukiwa na chembe hizo na kupata manjano kwa sababu ya nguo hizo tu. Zifuliwe zote, zianikwe juani, ndipo avalishwe.

Sasa kilio. Mama atakuambia ni mchango, bibi atathibitisha, na chupa ya dawa imeshanunuliwa duka la dawa. Kilio cha jioni kisicho na sababu huanza kwenye wiki ya pili au ya tatu, hufika kilele karibu na wiki ya sita, hupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Mtoto huyo anaongezeka uzito na kati ya vilio ni mzima. Huyo unaweza kumsaidia hapo hapo: ongea na mama, mfundishe kumbeba kifuani na kumcheulisha, na umwambie wazi kwamba akizidiwa na hasira amlaze mtoto mahali salama, atoke nje apumue. Mtoto asitikiswe kamwe. Lakini kabla hujasema mchango, uwe umeona kinena kama kuna ngiri, vidole vya miguu kama kuna uzi au unywele uliojizungusha, na paja lililochomwa sindano. Kilio kipya kwa mtoto wa miezi mitano kinachokuja kwa vipindi, anakunja miguu, anapauka, kisha anatulia kabisa, na kinarudi tena, ni utumbo kuingia ndani ya utumbo mpaka ithibitike kuwa sivyo. Usingoje choo chenye damu na ute.

Kutapika na kucheua ni vitu viwili. Kwa kucheua, maziwa hutoka tu mdomoni bila shida na mtoto anaendelea na mambo yake. Matapishi ya kijani kwa kichanga ni ya kukimbiza hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana. Yanayoruka mbali baada ya kila kunyonya, kwa mtoto wa wiki tatu hadi sita anayepungua huku bado ana njaa, nayo ni ya mpasuaji.

Yapo mambo ambayo yanatisha macho tu: matiti ya kichanga kuvimba (yasikamuliwe), tone la damu sehemu za siri za mtoto wa kike wiki ya kwanza, mabaka ya samawati matakoni ambayo jirani atadhani ni kipigo, kidonda kidogo cha BCG (chanjo ya kifua kikuu) begani kinachotunga usaha wiki chache baada ya chanjo. Yote haya huisha yenyewe. Aliyenyonya maziwa ya mama pekee na ameshapita mwezi mmoja na nusu anaweza kukaa siku kadhaa bila choo, na kikija laini hakuna tatizo. Utosi unaodunda ni mzima. Uliobonyea kwa mtoto anayeharisha, au uliovimba akiwa ametulia, sivyo.

Kitovu kiwe kikavu na kisafi. Wekundu ukianza kusambaa kwenye ngozi ya tumbo, usimrudishe mtoto nyumbani. Kuhusu imani kwamba kitovu cha mtoto wa kiume kikiangukia uume wake atakosa nguvu, usicheke. Mwambie mama avalishe nepi ikiwa imekunjwa chini ya kitovu. Imani imeheshimiwa, kitovu kinapata hewa, kila mtu ameridhika.

Nikirudi kwa bibi: ukiingia kwake kwa shikamoo umeokoa nusu ya kazi, maana nyumbani yeye ndiye anayeamua. Usiulize "mmempa dawa za kienyeji?", utapata "hapana" ya haraka. Uliza, "Nyumbani mmemsaidiaje mpaka sasa?" Hapo utasikia mengi, pengine na habari za meno ya plastiki. Hivyo vivimbe vyeupe ndani ya fizi ni meno halisi ambayo hayajatoka. Yakichokolewa kwa msumari au waya, mtoto anavuja damu na kupata maambukizi, na ile homa na kuharisha vilivyomleta bado vipo palepale. Kukata kimeo kwa sababu ya kikohozi ni vivyo hivyo. Degedege nalo lina jina la kiroho sehemu nyingi. Mimi sishindani na jina. Nasema: "Sawa bibi, degedege. Tumlaze ubavu, tusimtie kitu mdomoni, tusimfukizie, tukimbie hospitali." Kwa kichanga degedege huweza kuwa dogo mno: mdomo unatafunatafuna, macho yameganda upande mmoja, miguu inaendesha baiskeli. Shika taratibu kiungo kinachotetemeka. Kikitulia mkononi mwako huenda ni kushtuka tu, kikiendelea chini ya vidole vyako ni degedege.

Mtoto njiti au aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 uwe mwepesi zaidi wa kuingiwa na wasiwasi juu yake. Yale ambayo kwa mwingine ungesubiri hadi kesho, kwake usisubiri.

Unapomruhusu mama aende, usimwambie "ukiona hali mbaya rudi". Kila mtu ana hali mbaya yake. Mtajie: akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea asiamke, akipumua kwa shida, akiwa wa moto au wa baridi kuliko kawaida. Kisha mwambie, "Hebu niambie wewe, utarudi ukiona nini?" Atakayosahau mrudie. Halafu uliza swali ambalo vyuoni hawakulitilia mkazo: "Ikitokea saa nane usiku, utakuja na nini?" Kama jibu ni bodaboda, namba ya dereva iko kwenye simu ya nani? Baba akiwa safarini, nani anatoa ruhusa na nauli? Kama baba amekuja naye, mpe kiti, umwambie yeye dalili hizo hizo.

Ukiandika rufaa ya kichanga, usimkabidhi mama karatasi na kumwonyesha barabara. Mpe mtoto dozi ya kwanza ya sindano ya antibiotiki kama mwongozo unavyosema, piga simu kule anakokwenda, mwambie mama amnyonyeshe sasa hivi na njiani kama anaweza, kama hawezi mpe maziwa yaliyokamuliwa kwa mpira wa puani. Mweke kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, khanga juu, kofia kichwani. Andika kwenye barua saa uliyochoma sindano, maana mpokeaji atahitaji kuijua, na jioni piga simu kuuliza kama walifika.