Jibu: Ndani ya nyota ya nyutroni tunapajuaje?
Ndugu, umeuliza wanasayansi wanajuaje hali ya ndani ya nyota ya nyutroni (mabaki ya nyota kubwa iliyolipuka, yaliyoshindiliwa sana na kujaa nyutroni) ilhali hakuna aliyefika. Njia mojawapo ipo Darmstadt, Ujerumani. Kituo cha utafiti cha GSI hurusha viini vya atomi za dhahabu, kila kimoja protoni 79 na nyutroni 118, vikagonge viini vingine vya dhahabu. Maada hushindiliwa hadi msongamano mara mbili au tatu ya kiini cha kawaida, unaokaribia ule wa ndani ya nyota ya nyutroni, kisha hutawanyika papo hapo. Uzuri wenyewe uko kwenye jozi za elektroni na pozitroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya) zinazozaliwa mle: nguvu kali ya kiini haizishiki, hivyo hutoka na habari za moyoni kabisa. Kwa jozi hizo, kikundi cha HADES, kinachotumia kifaa cha kunasa chembe hizo pale GSI, kilipima joto la nyuzi takribani bilioni 800. Nyota yenyewe ni baridi zaidi, tena nyutroni zake ni nyingi mno kulinganisha na protoni, kwa hiyo usihamishe matokeo moja kwa moja.