Barua kwa mwanangu: kuhusu fomu unayoijaza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Unauliza kama unaweza kufungwa iwapo, katika fomu ya SF-86 ya kuombea kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kuona siri za serikali ya Marekani, hutaitaja bangi uliyovuta mara mbili ukiwa chuoni miaka 3 iliyopita, katika jimbo ambalo bangi si kosa. Unasema rafiki zako wanakuambia kwamba jambo ambalo halikufika polisi halipo.

Jibu la sheria nitalitoa haraka, maana silo linaloninyima usingizi. Kifungu cha 1001 katika sura ya 18 ya sheria za shirikisho kinasema kwamba anayeidanganya serikali ya Marekani kwa makusudi, au kuificha jambo la maana, anaweza kufungwa hadi miaka 5, na faini inaweza kufika dola 250,000. Fomu inauliza miaka 7 ya nyuma, kwa hiyo yako 3 imo ndani, na inaeleza wazi kwamba ruhusa ya jimbo haihesabiki. Lakini rudi usome maelezo ya swali lile la dawa za kulevya, kwa sababu naona umeyaruka: wameandika kwamba jibu lako la kweli halitatumiwa kuwa ushahidi dhidi yako katika kesi ya jinai. Mwenye kusema kweli amewekewa kinga hiyo. Mwenye kuficha hana kinga yoyote, na karatasi haisahau.

Wewe umeniuliza habari ya kufungwa. Mimi nataka kukueleza habari ya mjomba wako, ambayo unaijua nusu.

Unajua kwamba mwaka 2009 aliomba kazi ya ukalimani katika kampuni iliyokuwa na mkataba na serikali, na kwamba hakuipata. Ninyi watoto tuliwaambia kibali kilichelewa. Hakikuchelewa. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amefukuzwa kazi ya ghalani kwa kuchelewa zamu, siku zile alipokuwa akimpeleka bibi yako hospitali kusafishwa damu, na katika fomu akaandika kwamba aliacha kwa hiari yake. Sababu ile mtu yeyote angeielewa. Aliona aibu tu.

Kwa kuwa alikuwa akikaa kwetu, mpelelezi wa mambo ya kibali alikuja kuzungumza nami. Alinionyesha kitambulisho, akaketi kwenye kiti cha baba yako karibu na dirisha, akafungua daftari la kurasa za njano. Aliuliza mengi mepesi, kisha akaniuliza kama ndugu yangu amewahi kufukuzwa kazi. Nikasema hapana. Akauliza tena, taratibu, bila kuinua macho: una hakika? Nikasema nina hakika. Akaandika neno moja, akalipigia mstari, na mkwaruzo wa kalamu ile ninausikia hadi leo. Baadaye ndipo tulipojua kwamba alikuwa amekwisha kuzungumza na msimamizi wa ghala.

Wakati ule niliamini kwamba "hapana" ya dada kwa ajili ya mdogo wake si uongo wa kushtakiwa. Miaka mingi baadaye nilisoma habari za kesi ya Brogan, ambayo Mahakama ya Juu iliiamua mwaka 1998, nikafahamu kwamba hata "hapana" tupu inatosha kuwa kosa chini ya kifungu kile kile cha 1001. Nililitenda kosa hilo sebuleni kwangu, nimejifunga kanga, nikidhani namsaidia.

Lakini silo linaloniuma zaidi. Jioni ile mjomba wako alitaka kumpigia simu mpelelezi aeleze ukweli. Kanuni za wanaotoa vibali zinampa uzito mtu anayerekebisha maelezo yake mapema na kwa nia njema, kabla ya kuwekewa ushahidi mbele yake. Mimi ndiye niliyemkataza, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kumsemea, na simu yake ingenifichua. Akanisikiliza, kama alivyonisikiliza tangu utotoni. Barua ya sababu za kumnyima kibali ilipokuja, haikujishughulisha na kuchelewa zamu. Ilisema kwamba maelezo yake hayaaminiki. Angeweza kuijibu na kuomba kusikilizwa na jaji. Hakuijibu, na hakuniambia kwa nini, na mimi sikumuuliza, kwa sababu nilijua.

Utasema kwamba hakufungwa, wala mimi sikufungwa. Ni kweli. Hata Henry Cisneros, aliyekuwa waziri wa nyumba wa Rais Clinton, alishtakiwa mwaka 1997 kwa makosa 18, mengi yakitokana na kuwadanganya maofisa wa FBI waliokuwa wakimchunguza kabla ya kuteuliwa, kuhusu fedha alizompa mwanamke aliyekuwa na uhusiano naye. Mwaka 1999 akakiri kosa moja dogo, akalipa faini ya dola 10,000, na mwaka 2001 akasamehewa. Na uhusiano wenyewe ulikuwa umekwisha kuandikwa magazetini! Alichokificha ni kiasi cha fedha. Kila nikimfikiria namwona mjomba wako na zamu zake.

Hata hivyo siwezi kukuahidi kwamba kweli itakupa kazi. Katika kesi ya Egan, mwaka 1988, Mahakama ya Juu ilisema kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kupata kibali. Unaweza kuandika kila kitu na bado ukanyimwa, na nikilifikiria hilo namuelewa kijana anayetaka kunyamaza. Nikishamuelewa, nakumbuka kwamba mpelelezi atakuja kukuuliza ana kwa ana, na utalazimika kulirudia jibu lako kwa mdomo, na huenda akamuuliza uliyekaa naye chumba kimoja chuoni, naye atalazimika kuchagua kama nilivyochagua mimi. Karatasi haisahau, mwanangu.

Ningependa kukuambia la kufanya, ulimi unaniwasha. Lakini nimekwisha kumwamulia mtu mmoja katika jambo hili hili. Unisamehe, barua yako nilimwonyesha mjomba wako Jumapili. Aliisoma yote, akauliza kama umekwisha kuituma fomu. Nikamwambia bado. Akaikunja barua vizuri, akanirudishia.

Wako,
Mama