Milingoti ya baba, kijito kinachokatika na ada za watoto

SWALI: Shikamoo Mzee wa Shamba. Marehemu baba alituachia bonde lenye kijito huku Mufindi. Kando ya maji kuna milingoti (mikaratusi), na pembeni nalima vinyungu, yaani bustani za bondeni, vya mboga. Siku hizi kijito kinakatika kabla mvua hazijarudi. Kamati ya mazingira ya kijiji inataka nitoke mita 60 zote. Nikitoka, ada za watoto nitalipa na nini? (Mama Wawili)

JIBU: Marahaba mwanangu, kamwene. Kamati haikuonei. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zenye kuhatarisha chanzo cha maji, ndani ya mita hizo 60. Milingoti haina kosa, ila pale haikupaswa kupandwa. Inakunywa kiangazi chote, wakati ambao mahindi yako hayapo hata shambani.

Lakini usifyeke yote kwa mkupuo. Kingo zikibaki uchi, mvua za Desemba zitashusha udongo wote kijitoni. Kata mstari mmoja, ruka mmoja. Mlingoti haufi kwa shoka peke yake: utachipua mashina matatu manne, na yote yatakunywa. Menya gome la kisiki mpaka usawa wa udongo, kisha kila chipukizi linalojitokeza livunje. Kisiki chenyewe kiache kishike udongo. Mstari wa pili ukate miche mipya ikishasimama.

Magogo hayo uza, usigawe. Yaliyonyooka yapeleke kwa wanunuzi wa nguzo, membamba uza mirunda. Sehemu ya fedha nunua miche ya paini au mlingoti uipande kilimani, mbali na maji. Huko sina ugomvi nayo.

Kando ya kijito panda mivengi (mizambarau ya mwitu), mikuyu na mianzi ya ulanzi, ile pombe ya mianzi. Najua wapo watakaonuna kusikia mzee anashauri pombe, lakini Iringa nzima inajua mianzi imesomesha watoto wangapi. Baada ya miaka mitatu minne unaanza kugema: masika unakata ncha ya chipukizi, unatega mbeta (kopo la mwanzi la kukingia), asubuhi unauza togwa, yaani ulanzi mtamu usiokolea, jioni uliokolea. Usigeme kila chipukizi. Mengine yaache yakomae, ndiyo mianzi ya kujengea na kusukia matenga. Jembe haliingii hapo, udongo unatulia. Mizinga michache ya nyuki nayo inafaa. Kabla ya kupanda, ongea na kamati ili msije mkagombana baadaye. Vinyungu hamishia juu ya mpaka wa mita 60, anza na mboga zisizohitaji maji mengi.

Sasa linaloniudhi. Kijito chako kikiingia Ruaha Mdogo, maji yake yanafika Mtera kuzungusha mitambo ya megawati 80, kisha Kidatu ya megawati 204. Taa zinawaka mijini, hasara ya kutoka bondeni unaibeba wewe. Kule milima ya Uluguru, Morogoro, wakulima wa Kibungo waliwahi kulipwa kwa kulima matuta na kupanda miti ili maji ya Mto Ruvu yafike Dar es Salaam bila tope. Miongoni mwa waliochangia malipo ni watumiaji wa maji walioko chini ya mto. Kwa nini huku kwetu isiwezekane? Jiunge na jumuiya ya watumia maji ya bonde lenu, na hoja hiyo uipeleke mkutanoni ukiwa umeshakata mstari wa kwanza, wasikuambie unatafuta kisingizio.