Nina miaka 24, nywele zinaniisha: je, nipandikize?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullah, sheikh wangu. Mimi ni kijana wa miaka 24, nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Tangu nina miaka 21 nywele zinarudi nyuma pande zote mbili za paji, na sasa utosini ngozi imeanza kuonekana. Baba na baba zangu wakubwa wote wana upara. Nimechumbia Sengerema, ndoa inshallah ni baada ya Idi, na mashemeji wameshaanza kuniita "mzee". Jamaa yangu mmoja alikwenda Uturuki kupandikizwa nywele, amerudi kijana kabisa. Nina akiba ya milioni sita, inayopungua nitakopa. Ila msikitini ndugu mmoja ameniambia ni haramu: ni kuunga nywele kulikolaaniwa, na ni kubadili maumbile ya Allah. Je, inafaa? Nikifanya, udhu na josho langu vitaswihi? Ni lazima mchumba wangu ajue? Na nikijaaliwa kwenda Umra, nitanyoa nywele nilizozilipia?

JIBU

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mwanangu, hilo neno lako "inafaa" limebeba maswali mawili. La kwanza ni la sheria, na jibu lake ni fupi: kupandikiza nywele zako mwenyewe kunajuzu. La pili ni kama kunakufaa wewe, kwa kichwa hicho, umri huo na mfuko huo. Hapo nitakuchosha kidogo, maana ndipo vijana wanapoumia.

Nianze na ndugu yetu wa msikitini, kwa sababu hakusema kwa matamanio yake. Hadithi aliyoishika imo katika Bukhari na Muslim. Asmaa bint Abubakar (r.a.) anasimulia kuwa mwanamke mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) akasema binti yake ni bibi harusi, ameugua surua nywele zikanyonyoka, je, amuunge? Mtume akajibu kuwa Allah amemlaani mwenye kuunga na mwenye kuungwa. Angalia hali yenyewe: binti mgonjwa, harusi mlangoni, na bado akakatazwa. Kwa hiyo anayesema "mimi nina dharura ya harusi" hana pa kupitia hapo.

Lakini kuunga ni kuchukua nywele ngeni na kuzifunga juu ya zako ili mtazamaji adhani ni zako. Kupandikiza ni jambo jingine. Daktari anachukua vinyweleo vya kisogoni kwako pamoja na mizizi yake, anavipanda mbele. Havitoki kwa mtu mwingine, na ukitaka vya mwingine mwili wako utavikataa. Daktari Norman Orentreich wa New York alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba unywele wa kisogoni ukihamishiwa mbele hubaki na tabia ya kisogoni: haufi upesi kama wale jirani zake wapya. Unaota, unanyolewa, na siku yake ikifika unaota mvi. Huo ni unywele wako umehama mtaa tu, kama mtu wa Igoma aliyehamia Pasiansi.

Na kubadili maumbile? Aya ya 119 ya Sura An-Nisaa, ambamo Shetani anaapa kuwaamuru watu wabadili alichokiumba Allah, ni nzito, haichezewi. Ila wanachuoni wametenganisha kuongeza uzuri juu ya umbo lililo sawa na kurudisha kilichopotea. Arfaja bin As'ad (r.a.) alikatwa pua vitani siku ya Kulaab, zama za ujahiliya. Akajitengenezea pua ya fedha, ikamnukia vibaya, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru atengeneze ya dhahabu. Dhahabu, ambayo kwa mwanamume ni haramu kuivaa! Sheikh Ibn Uthaymin (Allah amrehemu) alipoulizwa kuhusu kupandikiza nywele alijibu kuwa inajuzu, kwa kuwa ni kurudisha alichokiumba Allah na kuondoa aibu. Na Majmaa ya kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, yaani baraza la wanachuoni wa sheria, katika kikao chake cha 18 huko Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, iliitaja kupandikiza nywele zilizoanguka miongoni mwa matengenezo yanayojuzu.

Nisikufiche, azimio hilo limeongeza maneno "hasa kwa mwanamke". Maneno hayo hayakuwekwa bure. Upara wa mwanamume si aibu kwa kiwango cha upara wa mwanamke, na wapo wanaosema ni umri tu unafanya kazi yake. Mzee wa miaka 60 akiniuliza nitamwambia akanunue kofia ya kiua aendelee na safari. Wewe una 24, umekujia kabla ya wenzako, kwa hiyo naona ruhusa inakufikia. Mimi mwenyewe chini ya kofia hii hakuna kitu, na ulinianza nikiwa na miaka 30. Usidhani nakuhukumu kutoka mbali.

Ila wakikuita mzee tena, wasimulie hili. Katika Sahihi Muslim, Abdullah bin Sarjis anasema: nilimwona mwenye upara akilibusu Jiwe Jeusi. Anamkusudia Umar bin Al-Khattab (r.a.), Amiri wa Waumini! Walimtaja kwa upara wake, na wala hakuna aliyeona heshima yake imepungua.

Sasa tuje kwako.

Hujaniambia kama umemwona daktari wa ngozi. Umepiga hesabu ya Uturuki, na hospitali ya Bugando ipo juu ya kilima hapo hapo mjini unaiona kutoka ziwani. Anza huko. Kila mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku bila ugonjwa wowote, na si kila kunyonyoka ni upara wa ukoo. Yapo mapunye, upo upungufu wa damu, ipo tezi ya shingo, upo ugonjwa unaotoa nywele mabaka mabaka ya mviringo kama sarafu. Haya yana matibabu yake, na ukipandikiza juu yake umepanda mbegu kwenye shamba linaloungua. Kwa maelezo yako, pembe za paji kwanza kisha utosi, na baba zako walivyo, huenda ni wa ukoo kweli. Lakini hiyo ni kauli ya daktari, si ya sheikh.

Ukiwa ndio wa ukoo, fahamu unavyokwenda: hausimami ulipo leo. Nywele zilizopo katikati ya kichwa chako zinaweza kuanguka ukiwa na miaka 30, nyingine ukifika 40. Zile zilizopandwa mbele zitabaki, na nyuma yake patakuwa uwanja mtupu. Utakuwa na kisiwa cha nywele kwenye paji, mithili ya jiwe la Bismarck katikati ya maji. Utahitaji kupandikiza tena, na hazina ya kisogoni ina mwisho. Ukiichota yote sasa, ya baadaye utaitoa wapi? Ndiyo maana madaktari waangalifu humwambia kijana wa umri wako asubiri, ajaribu dawa kwanza, waone upara unaelekea wapi. Ipo minoksidili ya kupaka. Ipo finasteridi ya kumeza, ambayo kwa baadhi ya wanaume hupunguza hamu ya tendo la ndoa. Bwana harusi asiimeze kwa kuelekezwa na muuza duka. Na zote mbili ukiziacha, faida yake nayo inaondoka.

Kisha nywele zetu sisi. Unywele wetu wa kipilipili haujikunji juu tu, hata chini ya ngozi mzizi wake umepinda. Mtu asiyezizoea nywele hizi anaukata mzizi akidhani anauchomoa. Tena ngozi zetu wengine hufanya makovu yanayovimba. Jipapase kisogoni: una vile vipele vigumu vinavyotokea baada ya kunyolewa? Vijana wengi wanavyo. Kama unavyo, mwonyeshe daktari kabla ya kufikiria lolote, kwa sababu kisogo ndicho ghala, na ghala lenye vipele halichotwi.

Na kazi yako usiisahau. Baada ya upasuaji kichwa ni kidonda. Jua la Mwaloni, jasho, vumbi la magunia, kuoga ziwani, vyote unatakiwa kuviepuka kwa majuma. Juma la pili hadi la sita nywele zilizopandwa huanguka. Ndiyo, huanguka! Huanza kuota tena kuanzia mwezi wa tatu au wa nne, na matokeo kamili ni karibu mwaka mzima. Kwa hiyo ukifanya leo kwa ajili ya harusi baada ya Idi, utaingia ukumbini na kichwa kibaya kuliko ulichonacho sasa. Jamaa yako hakukwambia hilo, au wewe ulimwona baada ya mwaka.

La kukopa nimeliweka mbali makusudi, kwa sababu linanikera. Jambo la halali ukilifikia kwa njia ya haramu hulifanyi halali zaidi. Mikopo hii ya kwenye simu, na ile mnayoiita kausha damu, ni riba iliyo wazi. Kupandikiza nywele si dharura inayohalalisha chochote. Na milioni sita zako, mwanangu, zina mwenyewe: kuna mahari, kuna kodi ya nyumba, kuna mtaji wa dagaa msimu ukiwa mbaya. Mahari ni haki ya mke kwa maandiko ya Qur-ani. Nywele za paji hazina haki hiyo. Ukishampa haki yake na nyumba ikasimama, kikibaki ni chako.

Mtu akikupa njia za mkato, jihadhari nazo. Nywele za bandia zinazogundishwa zinarudi kwenye ile hadithi ya kuunga, na gundi inaweza kuzuia maji yasifike kwenye ngozi katika josho. Kuchorwa vidoto vya wino kichwani vifanane na nywele zilizonyolewa naona ni chale za wino, na mwenye kuchanja na kuchanjwa wamelaaniwa katika hadithi.

Umeuliza kuhusu mchumba. Hapa nakurudisha kwenye hadithi ambayo kila anayehalalisha kupandikiza huitaja, lakini wengi huishia katikati. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kisa cha watu watatu wa Bani Israil: mwenye ukoma, mwenye upara na kipofu. Malaika alimjia mwenye upara akamuuliza anapenda nini zaidi. Akasema: nywele nzuri, na liniondoke hili linalofanya watu wanikirihi. Malaika akampangusa, akapewa nywele nzuri, na ng'ombe mwenye mimba juu yake. Kutaka nywele hakukuwa kosa lake. Aliombwa aseme, akasema, akapewa. Kosa lilikuja baadaye, malaika aliporudi kwake kwa sura ya maskini mwenye upara akiomba msaada, akamkumbusha alivyokuwa. Yule bwana akakana! Akadai mali hiyo ameirithi kwa wazee wake. Alichopoteza alikipoteza kwa kuikana hali yake ya zamani. Kipofu yeye alikiri: nilikuwa kipofu, Allah akanirudishia macho, chukua utakacho.

Basi mchumba wako mwambie. Kumficha mtu unayemwoa jambo ambalo angelijua labda angefikiri upya ni ghishi, yaani udanganyifu, hata kama nywele zenyewe ni halali. Nawe una bahati: ameshakuona. Amekukubali na paji hilo hilo, wenye kucheka ni kaka zake. Muulize yeye anasemaje. Nimeshuhudia vijana wakihangaika miaka na jambo ambalo mke hakuwahi kuliwazia hata siku moja.

Ibada haina shida kubwa. Nywele zilizokwisha kushika ni mwili wako, udhu na josho ni kama kawaida. Kwa zile siku ambazo daktari amekataza maji, katika madhehebu yetu ya Shafii kupaka maji sehemu yoyote ya kichwa kunatosha, hata nywele chache za ubavuni pasipo na jeraha. Ukipatwa na janaba, osha mwili, acha mahali penye kidonda na utayamamu kwa ajili yake. Sijida ikikatazwa kwa sababu ya kidonda cha paji, simama na urukuu kama kawaida, na sijida uifanye kwa ishara ukiwa umeketi, mpaka daktari akuruhusu. Swala yenyewe haiachwi.

Na Umra: si lazima unyoe, kupunguza kunatosha. Ila Mtume (s.a.w.) aliwaombea dua wenye kunyoa mara tatu, na wenye kupunguza mara moja. Ukifika huko na nywele zako zimeshashika, nyoa. Zitaota; hiyo ndiyo tofauti yake na za kugundisha.

Wallahu a'lam.