Bia inaingia ukungu kwenye friji: ninunue chujio gani?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina kiwanda kidogo cha bia hapa Moshi, kila nikipika natoa lita 500. Nyingi nauza kwenye kegi, kidogo kwenye chupa kwa hoteli za watalii. Ikitoka tangini inang'aa, ikilala friji inaingia ukungu. Muuzaji ananipa mashine tatu nichague: ya unga wa diatomaiti (mwamba laini uliosagwa), ya karatasi za kuchujia, au ya katriji (chujio la mrija la kubadilisha). Nichukue ipi?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Hela usitoe kwanza. Chukua glasi yenye ukungu, iache mezani hadi ubaridi uishe. Iking'aa tena, hiyo si hamira. Ni protini ya kimea iliyoshikana na tanini, ile inayokausha mdomo kama kwenye chai kali: kwenye baridi huganda ukaziona, kwenye joto huyeyuka. Kwa ulivyoeleza, nina hakika karibu yote ni hilo.

Hapo ndipo wengi wanapoliwa. Mtu anachuja bia ikiwa nyuzi 12, protini zimeyeyuka, karatasi itashika nini? Bia inapita safi, ikifika friji ya hoteli ukungu uleule.

Kwa hiyo anza na baridi. Shusha tangi hadi nyuzi 0 au 1, likae hivyo siku tatu nne, utoe mashapo kwa chini. Umeme ukikatika katikati, hesabu upya. Jikoni nako, dakika 10 za mwisho za kuchemsha tia karajinani, hutolewa kwenye mwani, jamii ya ule unaolimwa Zanzibar. Inavuta protini chini kabla hamira haijaingia. Bia ya kegi ikipitia hayo, mimi nisingeichuja kabisa. Wateja wa mbege, pombe ya ndizi, hawajawahi kulalamikia ukungu, ila mtalii ana macho yake.

Kwa chupa chukua ya karatasi. Chembe ya hamira ina mikroni 5 hadi 10 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), basi pitisha karatasi yenye matundu makubwa kwanza, kisha ya mikroni 1, bia ikiwa baridi vilevile. Kabla ya bia pitisha maji ya nyuzi 80 kwa dakika 20: yanaua vijidudu na kuondoa ile ladha ya boksi lililoloa. Maji hayo yasukume nje kwa gesi ya kaboni dioksidi, hewa isiguse bia. Weka beseni chini, hizi mashine zinadondosha pembeni. Unga wa diatomaiti achana nao. Vumbi lake la silika linaumiza mapafu, na tope lake utalitupa wapi? Katriji peke yake itaziba kwa hamira kabla tangi halijaisha.

Jambo moja uliangalie: kama chupa zako zinapata gesi kwa hamira iliyobaki ndani, ukichuja kwa mikroni 1 hamira imekwisha. Itabidi gesi uitie tangini kabla ya kujaza.